TAHADHARI: Muuza viatu vya farasi vya "miezi sita" ameniliza, na farasi wangu Bi Kirembo hawezi kukanyaga

Wenzangu wenye farasi, na nyinyi wenye punda pia maana huyu mtu hachagui, someni hii kabla hajafika kwenu. Mnaotaka kunicheka nichekeni, lakini mkishamaliza kucheka msimpe hela.

Ilikuwa Alhamisi, siku tisa kabla ya Idi. Fundi wetu wa kuvalisha farasi viatu hayupo, na harudi karibuni. Viatu vya Bi Kirembo vilikuwa vimelika mbele mpaka vimekuwa kama kifuniko cha kopo, na Sajenti, farasi wangu mwingine, alikuwa keshaangusha kimoja. Najua kuna wale watakaosema farasi wa mchangani hahitaji viatu. Sawa, lakini mimi kutoka zizini hadi baharini ni kilomita mbili na nusu za lami na vipande vya matumbawe, na Idi, kwa kupandisha watoto farasi, ndiyo siku ninayopata chakula cha farasi cha miezi miwili. Kwa hiyo huyo bwana alipopiga simu, akasema amesikia nina shida ya viatu, mimi niliona ni rehema.

Alikuja kwa pikipiki nyekundu, mkoba wa turubai mgongoni. Akamwamkia baba shikamoo, akaketi, akakataa chai kwa sababu amefunga sunna. Amefunga sunna! Mwizi! Halafu akaenda kwa Bi Kirembo, na hapa ndipo aliponimaliza. Mnamjua Bi Kirembo, mgeni hampi mguu hata kwa karoti. Huyu alianzia begani, akateremsha kiganja taratibu nyuma ya mguu mpaka juu ya kifundo, akabana kidogo kwenye kano, na yule mama akamnyanyulia mguu kama anamjua tangu utotoni. Nikajiambia huyu ameshika farasi maisha yake yote, na kwa hilo sikukosea, ndiyo maana inaniuma. Ujuzi anao, kaamua kuutumia kwa uharamia.

Akatoa kiatu kimoja. Akasema ni muundo mpya, chuma kimechanganywa na chembe za tungsteni, ile metali ngumu sana, hakiliki, kinakaa miezi sita juu ya lami, na kinalinda ukwato kuliko vile vya kawaida. Akakiangusha sakafuni. Kililia ting! kama kengele ya shule. Akatoa tupa mkobani, akaisugua juu yake kwa nguvu zote, tupa ikateleza. "Angalia, ndugu yangu, hata mkwaruzo." Nikaangalia, kweli hakuna. Nikaishika ile tupa mwenyewe, nikaigeuza mkononi, nikamrudishia. Ilikuwa laini kama mgongo wa kijiko. Niliihisi kwa vidole vyangu hivi ikiwa laini na sikuuliza kitu. Tupa imekwisha meno, itakwaruza nini?

Seti nne, elfu thelathini na nane. Mbili za kuvalisha siku hiyo, mbili za akiba. M-Pesa ikaleta jina la mwanamke, akasema ni simu ya mke wake. Nikabonyeza. Baba alikuwa amesimama pale mlangoni, akaguna. Mnajua baba akiguna ni nini. Nikabonyeza hivyo hivyo.

Kuvalisha alivalisha haraka ajabu. Hakuleta fuawe, lile pande la chuma la kugongea kiatu, wala hakuwasha moto. Nilipouliza akasema muundo huu hauhitaji kufuliwa, umeshapimwa. Badala ya kukunja kiatu kifuate ukwato, akakata ukwato ufuate kiatu, mbele akakwangua mpaka nikaona kidole, yaani ncha ya mbele ya ukwato, kimekuwa bapa. Mimi nimeshika kamba, kichwani nahesabu watoto wa Idi. Msumari wa kwanza mpaka wa nne sawa. Wa tano, upande wa ndani, Bi Kirembo akaruka. Akaruka kweli, si kule kujitingisha kwa nzi. Bwana akauchomoa, na ule msumari ulikuwa na unyevu, dalili kwamba umegusa nyama. Akaupangusa kwenye suruali, akaurudisha tundu lile lile. "Ana madeko tu huyu." Mimi, ambaye mwaka mzima nawafokea vijana kwa makosa madogo kuliko hilo, nikamshika yule farasi sikio nikamwambia tulia mama. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Hela nitazipata tena.

Siku ya sita kiatu cha Sajenti kilivunjika. Hakikulika wala hakikupinda, kilikatika vipande viwili kwenye tundu la msumari. Pale palipokatika ni kijivu, chembechembe kama sukari. Nikachukua kimoja cha akiba, nikatoa tupa yangu mpya: ikauma mara moja, ikamwaga unga mweusi kama wa penseli. Nikakiangusha sakafuni, kikasema ko. Hicho ni chuma cha kusubu, jamani, cha kuyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu kama cha mifuniko ya mashimo, kimepakwa rangi ya fedha. Ndiyo maana hakubeba fuawe! Angekigonga nyundo mbili tu kingepasuka mbele ya macho yangu. Kile kilicholia ting kilirudi naye mkobani.

Mkesha wa Idi Bi Kirembo akaamka na mguu juu. Ukwato wa moto, mshipa juu ya kifundo unapiga mpaka unauona. Daktari wa mifugo alipochomoa msumari wa tano kikatoka kimaji cheusi, na harufu yake Mungu akuepushe nayo. Ulipita mstari mweupe, ule mpaka wa ukwato mgumu na nyama, ukaingia kwenye nyama. Akapigwa sindano ya pepopunda papo hapo, maana farasi na pepopunda ni hatari tupu, na tangu hapo ni kulowesha mguu kwa maji moto na chumvi ya haluli asubuhi na jioni na kufunga bandeji. Idi yote nimekaa na ndoo, na wale watoto wakapanda ngamia wa jirani. Simu ya huyo bwana haipatikani tangu siku ile.

Mama anasema tumsomee halubadiri, ile dua ya kumlaani mwizi. Mimi nilikuwa mtu wa kusema tusifike huko, sasa naulizia ubani bei gani. Mtu huyu angevalishwa viatu vyake mwenyewe, kwa misumari yake, halafu akatembezwa lami saa nane mchana. Halafu ndiyo polisi, halafu gereza la Shimo la Tewa, na huko asipewe hata kandambili.

Haya, mnaouliza mtamjuaje. Kikubwa ni hiyo miezi sita, na mimi kwa umri huu ningecheka palepale. Ukwato unakua milimita 6 hadi 10 kila mwezi. Hata ukivalisha almasi, baada ya wiki 6 hadi 8 lazima uvue, ukate, uvalishe tena, la sivyo kidole kinarefuka na kano zinaumia. Kiatu cha kukaa miezi sita ni cha nani? Na chuma cha farasi hutakiwa kiwe laini kiasi, ndio fundi akikunje kifuate mguu. Tungsteni ipo kweli, watu huichomelea kidogo mbele na visiginoni, ila kwenye lami ikishika mno mguu unakwama badala ya kuteleza kidogo na viungo ndivyo vinavyolipia.

Vya mbele na vya nyuma vyake vyote umbo moja, wakati mguu wa mbele ni wa duara na wa nyuma umechongoka. Matundu yamefika karibu na kisigino, hapo ukwato hauna nafasi ya kutanuka. Hakuna ule mfereji wa kuficha vichwa vya misumari. Na misumari yenyewe ni ile ya kupigilia mbao! Wa farasi una alama upande mmoja wa kichwa, upande huo unaangalia ndani, ndio ncha ipinde kwenda nje. Wake hauna alama wala upande. Wenye punda, anawauzia hivi hivi vya farasi, na mnajua ukwato wa punda ni mwembamba na umesimama.

Leo asubuhi Bi Kirembo ameugusisha mguu chini, nusu nusu, kisha akaunyanyua. Seti za akiba ziko kwenye gunia chini ya mkunazi, anayetaka kuziona aje na tupa yake. Na anayejua ile pikipiki nyekundu inalala wapi, anipigie mimi kwanza kabla ya polisi.