Kiboko shuleni: Tanzania na Kenya

Namanga upande wa Tanzania, fimbo ni halali: kanuni zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mwalimu mkuu, na adhabu iandikwe daftarini. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, kama yupo. Ukivuka mpaka, Kenya ilipiga marufuku kiboko shuleni mwaka 2001, na Katiba ya 2010 ikakazia.

Darasani tofauti hupungua. Huku vinne hugeuka kumi na daftari halifunguliwi, kule bado wapo wazazi wanaomwambia mwalimu, "Mchape tu, ni wako." Hata hivyo nachagua sheria ya Kenya. Kule, mzazi ambaye mwanawe amevimba mkono ana pa kushika akienda kulalamika. Huku ataanza kwa kubishania idadi ya viboko.