SonarQube kwenye mfumo wa sacco: alama A nisiyoiamini na mambo mawili ninayoyategemea

Niseme mapema: SonarQube, zana inayokagua ubora wa msimbo wa programu, ni nzuri, bado naitumia, na yeyote anayetunza programu ya zamani iliyopitia mikono mingi ningemwambia aijaribu. Ila sehemu yake inayovutia macho zaidi, ile herufi kubwa ya kijani pamoja na idadi ya siku za deni, yaani muda wa kusafisha msimbo, ndiyo iliyonisaidia kidogo kuliko zote. Kinachonifaa kiko chini ya hapo, na hakijipambi.

Mfumo ninaoutunza ni wa sacco moja ya hapa Mombasa. Umeandikwa kwa lugha ya PHP: akiba, hisa, mikopo, wadhamini, na malipo ya M-Pesa yanayoingia kupitia Daraja, njia ya Safaricom ya kuunganisha mifumo na M-Pesa. Waliouandika wamepishana kwa miaka, kila mmoja na mtindo wake, na wengi wao sijawahi kuonana nao. Kilichotusukuma kutafuta zana ya kuuchambua ni PHP yenyewe. Toleo la 7.4 lilifika mwisho wa kupewa masahihisho ya usalama Novemba 2022, na kabla ya kuhamia toleo la 8 ilibidi tujue tumerithi nini.

Kwa asiyezijua zana hizi: programu inausoma msimbo wako bila kuuendesha, inaulinganisha na orodha ndefu ya kanuni, kisha inakuletea ripoti. Si jambo jipya. Stephen Johnson wa Bell Labs alikuwa na lint yake ya lugha ya C tangu 1978. SonarQube inatengenezwa na SonarSource, kampuni ya Geneva, Uswisi, na inasoma lugha nyingi. Inatafuta hitilafu na mianya ya usalama, lakini nilichokifuata mimi ni upande wa tatu, yale ambayo watu wa fani wanayaita harufu. Msimbo unafanya kazi vizuri, wanachama wanapata taarifa zao, ila siku ukitakiwa kuugusa unatoka jasho.

Kuisimamisha si kazi kubwa kama umezoea Docker, inayoendesha programu ndani ya vifungashio viitwavyo kontena. Kontena moja ya SonarQube, nyingine ya hifadhidata ya PostgreSQL, unaifungua kwenye mlango wa 9000, unabadilisha nywila ya admin, basi. Usitumie ile hifadhidata ya ndani inayokuja nayo. Imewekwa kwa ajili ya kuonja tu. Inakula kumbukumbu kwelikweli, maana ni Java na imebeba Elasticsearch, injini ya utafutaji, tumboni, kwa hiyo seva ya gigabaiti 1 usijisumbue nayo. Kwenye Linux kuna thamani inayoitwa vm.max_map_count ambayo lazima ipandishwe, la sivyo Elasticsearch inagoma kuwaka. Na kwenye mipangilio, ondoa folda ya vendor, inayowekwa maktaba za nje, mapema. Msimbo wa watu wengine si deni lako.

Sasa ile herufi.

SonarQube inakadiria kila harufu itachukua dakika ngapi kuisafisha, inajumlisha, na jumla hiyo ndiyo deni la kiufundi. Tamathali hii ya deni ni ya Ward Cunningham, aliyeitoa mwaka 1992 akieleza kwamba msimbo ulioharakishwa ni kama mkopo: unaruhusiwa kuuchukua, ila riba inatembea. Kwa watu wa sacco haihitaji maelezo. Nilipoionyesha kwenye kikao cha kamati, mweka hazina aliielewa kabla sijamaliza sentensi, akauliza marejesho yanaanza lini.

Tatizo ni jinsi herufi inavyopatikana. Deni linagawanywa kwa gharama ya kuuandika mfumo mzima upya, na gharama hiyo, usipoibadilisha, inahesabiwa kwa dakika 30 kwa kila mstari. Ukiwa chini ya asilimia 5, unapewa A. Piga hesabu mwenyewe. Mfumo wa mistari 60,000 unahesabiwa kuwa na gharama ya dakika 1,800,000, yaani saa 30,000. Asilimia 5 yake ni saa 1,500. Kwa siku ya kazi ya saa 8, hizo ni siku zaidi ya 180. Maana yake unaweza kuwa na deni la kumweka mtu mmoja kazini miezi minane bila kugusa kitu kingine, na ukuta mzima ukawa kijani, A. Mfumo wetu ulipata A siku ya kwanza. Yeyote aliyewahi kufungua faili yetu ya mikopo angecheka.

Siilaumu zana kwa hili. Kanuni imeandikwa wazi kwenye maelezo yake, na mipaka ya asilimia unaweza kuibadilisha ukitaka. Nalaumu mazoea ya kuipiga picha hiyo A na kuibandika kwenye ripoti ya mteja.

Jambo la kwanza ninalolitegemea ni kipimo cha ugumu wa kueleweka. Kuna kipimo cha zamani cha Thomas McCabe, cha 1976, kinachohesabu njia ambazo programu inaweza kupita ndani ya fanksheni, yaani kipande cha msimbo chenye jina na kazi yake. SonarQube inacho hicho pia, lakini imeongeza chake, kilichoandikwa na G. Ann Campbell, kinachojaribu kupima jinsi msomaji anavyohangaika. Tofauti inaonekana kwenye mambo madogo. Tuna switch inayochagua njia ya malipo: M-Pesa, benki, fedha taslimu, makato ya mshahara. McCabe anahesabu kila tawi, anafika 5. Kipimo kipya kinasema 1, na ni kweli, switch ile unaisoma kwa kupitisha jicho tu.

Halafu njoo kwenye faini ya kuchelewesha rejesho. foreach inayopitia mikopo, alama 1. Ndani yake if ya kuuliza kama mkopo umefungwa, alama 2 kwa sababu imezama ngazi moja. Ndani yake if ya tarehe, 3. Ndani yake if ya siku za msamaha, 4. Ndani yake if ya aina ya mkopo, 5. Jumla ni 15, na hapo ndipo penye mpaka unaokuja na zana. Ongeza else moja tu, inakuwa 16 na inapiga kelele. Fanksheni yetu ya faini ilikuwa na 71. Nilipomwonyesha mwenzangu hiyo namba alisema tu, "Ndiyo ile." Kila mtu ofisini alikuwa anaijua na hakuna aliyekuwa anataka kuifungua. Zana haikutuambia siri, ila ilitupa namba ya kwenda nayo kwa mteja kuomba muda wa kuiandika upya.

Hapa nina onyo. Namba hiyo ni rahisi kuidanganya. Kijana mmoja kwenye timu aliichukua fanksheni ndefu akaikata vipande sita, kila kipande kikapita chini ya 15, ripoti ikatulia. Lakini vipande vilikuwa vinarushiana vigeu, yaani thamani zenye majina: mkopo, mwanachama, tarehe, kiwango, salio, faini ya awali, aina, mdhamini, bendera mbili za ndiyo na hapana. Kuisoma kukawa kugumu kuliko mwanzo, maana sasa unaruka huku na huku. Kilichomnasa ni kanuni nyingine ya SonarQube yenyewe, inayokataa fanksheni inayopokea vigezo (vigeu vya kuingizwa) zaidi ya saba. Tulikaa naye tukaona kwamba kilichokosekana ni kitu kimoja chenye jina, ratiba ya rejesho, ambacho vigeu vyote vile vilikuwa vinakizunguka. Hilo hakuna kanuni iliyoweza kumwambia.

Kwenye marudio ya msimbo inafanya nusu ya kazi. Kwa PHP, ikikuta mfuatano mrefu wa alama (maneno na ishara za msimbo) zinazofanana, walau 100 zilizoenea kwenye mistari 10 au zaidi, inaonyesha vipande vyote kando kwa kando. Ilitutolea nakala nyingi za kuchapisha stakabadhi. Lakini aliyenakili akibadilisha majina ya vigeu, imepotea. Tulikuwa na hesabu ya riba ya salio linalopungua mara mbili, moja kwenye mikopo na moja kwenye ripoti za mwisho wa mwezi. Ya kwanza inatumia $riba, ya pili $interest, na zana iliziona kama watu wasiofahamiana. Tulizigundua kwa sababu senti zilitofautiana kwenye taarifa mbili za mwanachama mmoja. Kwa majina ni vivyo hivyo, kanuni hutazama umbo la jina tu. $data2 inapita bila kuulizwa.

Jambo la pili, na hili ndilo lililobadilisha kazi yetu, ni mstari kati ya msimbo wa zamani na mpya. Unaiambia SonarQube msimbo mpya unaanzia wapi, kwa mfano toleo lililotangulia au siku 30 zilizopita, kisha lango la ubora, yaani masharti ya kupita au kufeli, linahukumu kilichobadilika tu. Ripoti ya kwanza ya mfumo mkongwe inatisha. Ukiipeleka kwa timu na kusema "tusafishe yote" utapata wiki moja ya bidii na miezi ya kimya. Sisi ya zamani tuliyaacha yalale. Ila ukigusa faili, unachokiongeza kisiwe na harufu.

Lango linalokuja na zana linataka pia msimbo mpya uwe umepitiwa na majaribio ya kiotomatiki kwa asilimia 80, na marudio yasizidi asilimia 3. Kwa timu ambayo haikuwa na jaribio hata moja, 80 ni ndoto. Lango hilo halihaririki, lakini unaweza kulinakili na kuweka namba zako. Tulishusha ya majaribio tukaacha ya marudio. Na usishangae ukibadilisha mistari michache ukapita bila jaribio: badiliko likiwa chini ya mistari 20, masharti ya majaribio na marudio hayatazamwi. Nadhani ni busara. Kusahihisha maandishi ya kitufe kusiwe mradi.

Kwa msimbo wa zamani, nimeacha kufuata orodha ya SonarQube peke yake. Naichanganya na historia ya Git, inayohifadhi kila badiliko la msimbo. Naziorodhesha faili zilizobadilishwa mara nyingi zaidi kwa mwaka, naziweka kando ya zile zenye ugumu mkubwa, na zinazotokea pande zote mbili ndizo tunazozishughulikia. Moduli ya gawio inatisha kuisoma, lakini inaguswa mara moja kwa mwaka, kabla ya mkutano mkuu. Ikae.

Pembeni ya SonarQube tunatumia PHPStan, zana nyingine ya kuchambua PHP, ambayo ni bure na msimbo wake uko wazi. Hizi mbili hazishindani. PHPStan haijali fanksheni ina urefu gani. Inafuatilia aina za data, na inapanda ngazi kutoka 0 hadi 10. Ina hila inayofanana na ule mstari wa msimbo mpya: unatengeneza faili ya makosa yaliyopo leo, inayanyamazia, inalalamikia mapya. Tulipoongeza kifurushi chake cha kanuni kali, kinachokataza ulinganisho wa == (usiojali aina za data), kilitutolea mstari mmoja kwenye kupokea majibu ya Daraja. Safaricom hutuma ResultCode, na 0 ni malipo yamefaulu. Msimbo wetu ulikuwa unasema, ResultCode isipokuwepo weka neno tupu, kisha ukauliza kama ni == 0. Kwenye PHP 7.4 neno tupu ni sawa na 0. Yaani jibu lililokuja bila namba lingehesabiwa kuwa mtu amelipa. Nilipitia kumbukumbu zote za malipo na haikuwa imetokea. Kwenye PHP 8 jibu la ulinganisho huo limegeuka kuwa si sawa, kwa hiyo kuhama peke yake kungelificha kosa bila mtu kujua lilikuwepo.

Kuhusu pesa: toleo tunalotumia, Community Build, ni la bure na linakaa kwenye seva yetu. Hilo la mwisho lilikuwa sharti, kwa sababu mkataba wa mteja hauruhusu msimbo kutoka nje. Unachokosa ni uchambuzi wa matawi (nakala za msimbo zinazofanyiwa kazi kando) na wa maombi ya kuyaunganisha na tawi kuu. Toleo la bure linasoma tawi kuu pekee, kwa hiyo harufu unaipata baada ya kuunganisha. Matoleo ya kulipia yanayo, na bei inapanda kwa idadi ya mistari ya msimbo. Kwa timu ya watu watatu wanaokaa meza moja, sikuona sababu ya kulipa. Timu ikiwa kubwa, au watu wakiwa wanafanya kazi kutoka miji tofauti, ningelipa, kwa sababu kumwambia mtu jambo kabla hajaunganisha ni tofauti kabisa na kumwambia baadaye, akiwa ameshahamia kazi nyingine. Na kama mradi wako ni wa msimbo wazi, toleo lao la mtandaoni ni bure, huna haja hata ya kusimamisha seva.

Kama ni wewe tu na tovuti ndogo ya kurasa kumi, achana na SonarQube. Weka PHPStan, anzia ngazi ya 0, panda taratibu.