Mafunzo ya kuomba wafadhili wakubwa, Mbeya mjini: nimelipa, nimekaa siku tatu, maoni yangu haya hapa

Nianze na hela mana najua ndo mnachotaka kujua. Laki mbili na nusu kwa kichwa, siku tatu, chai na chakula cha mchana ndani, kulala juu yako. Tulienda watu watatu kutoka kikundi chetu cha kutunza msitu huku Rungwe, mimi naeshika vitabu, mwenyekiti wetu ambaye ni mzee wa miaka sabini na kitu, na dada wa kitalu, kwahiyo piga hesabu mwenyewe halafu ongeza kosta ya Tukuyu kwenda na kurudi na gesti ya Soweto, hapohapo Mbeya, ambayo maji ya moto yalikuwa ya kuahidiwa tu. Kwa kikundi kinachoishi kwa kuuza miche na asali hiyo sio hela ya kuchezea. Mzee alipoona risiti alisema "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kwa sauti ambayo haikuwa ya kushukuru kabisa.

Mkufunzi ni dada wa kutoka Dar, jina nakaa nalo. Anajua kuongea na kazi ameifanya kweli, hilo simnyimi. Ila siku ya kwanza yote alitupeleka Ulaya na Marekani. Tukaambiwa habari ya yule mzee wa Patagonia, kampuni ya nguo ya Marekani, Yvon Chouinard, alivyoitoa kampuni yake nzima mwaka 2022 ili faida iende kwenye mazingira, tukaambiwa mfadhili wa Marekani anapenda hela yake ipitie shirika lililosajiliwa kulekule ili apate nafuu ya kodi, na Uingereza mlipakodi akitoa pauni 1 kwa shirika la kwao serikali inaongezea peni 25. Ni vitu vya kweli na ni vizuri kuvijua, lakini nilikuwa namwangalia mwenyekiti wangu anaandika "Patagonia" kwenye daftari la kaunta buku huku najua kesho kutwa anarudi kijijini kumuomba mwenye ghala la parachichi sio huyo mzungu.

Halafu ile slaidi ya kipunji, yule kima adimu wa huku kwetu. Jamani. Sisi ndo wenye kipunji, mlima wetu ndo alikoonekana na watafiti 2003, akatangazwa 2005, 2006 wakampa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, na hakukuwa na jenasi mpya ya nyani au kima Afrika tangu 1923. Slaidi imeandikwa KIPUNJI kwa herufi kubwa, picha ni kima wa kawaida tu wa kahawia, hana hata lile shungi la nywele kichwani. Dada wa kitalu akanyoosha mkono akasema kwa upole "samahani dada, huyo sie". Mkufunzi akacheka akasema mfadhili hawezi kujua tofauti. Hapo mimi nilikasirika kidogo, mana mtu anayetoa milioni kumi kwa ajili ya mnyama lazima atakuwa amemgugo, na siku akigundua umemtumia picha ya mnyama mwingine umeisha. Tena aliongeza eti kipunji yuko Rungwe na Kitulo basi, wakati yupo na kule Udzungwa, msitu wa Ndundulu. Vitu vidogo lakini ndo hivyohivyo mfadhili anakupimia.

Siku ya pili ndo ilinirudishia hela. Asubuhi alichora jedwali ubaoni. Kumbe ukitaka milioni 40 hugawanyi kwa watu 400 laki laki, unaanza juu: mmoja wa milioni 8, wawili wa 4, watano wa 2, wanane wa 1, hapo umefika 34 na zile 6 ndo unaziachia watu wadogo wadogo. Na kwa kila zawadi unatakiwa uwe na watu kama watatu wa kuwafuata mana wengi watakataa. Kwahiyo zawadi 16 zinataka majina 48. Tukaambiwa tuandike majina yetu palepale, watu halisi ambao mmoja wetu anaweza kuwapigia simu leo wakapokea. Sisi tulifika 19 tukakwama. Wa 19 ni shemeji yangu na nina wasiwasi nae. Hilo zoezi lilinifungua macho kuliko maandiko yote ya mradi niliyowahi kuandika, mana miaka yote tulikuwa tunasema "wafadhili hawapatikani" kumbe hatujawahi hata kukaa tukahesabu tunaowajua.

Mchana ikawa zoezi la kuomba. Mtu mmoja anakuwa tajiri, mwingine anaomba. Kanuni ni moja: unataja kiasi, halafu unanyamaza. Unanyamaza kabisa, hata tajiri akae dakika nzima, anayeongea wa kwanza asiwe wewe. Mwenyekiti wetu akapangwa na kijana mmoja wa Mufindi anacheza tajiri wa mbao. Mzee akaanza vizuri sana, akaeleza vijito vinavyotoka mlimani, akaeleza moto wa kiangazi, mpaka watu wameacha simu. Akasema "tunakuomba milioni nane". Kijana kimya. Mzee akamwangalia. Kijana kimya anachezea kalamu. Mzee akakohoa, akasema "au hata tano". Kimya. "Au mwanangu chochote utakachojaliwa." Ukumbi mzima chini kwa kicheko, kijana akasema "mzee nilikuwa nataka kukubali nane!" Katika sekunde kumi tumepoteza milioni nane na hakuna aliyetunyang'anya. Akarudia mara tatu. Ya mwisho alishika kikombe cha chai akanywa polepole mpaka kijana akaongea, na hiyo mbinu ya kikombe ni yake mwenyewe, haikuwa kwenye slaidi.

Pia kulikuwa na dada mmoja wa Matamba, upande wa Kitulo, huyu nae alinifundisha bila kulipwa. Wengine wote tulikuwa tunaanza na takwimu. Yeye hakugusa habari ya hifadhi kuanzishwa 2005 wala maua ya okidi aina 45 wala "Bustani ya Mungu", alitoa mfukoni kiazi cha okidi cha mfano alichokichonga kwa udongo, akakiweka mezani akasema hivi ndo watu wanachimba kwenye mbuga wanapakia kwenye magunia kwenda Zambia kuliwa, na ukikichimba hicho ua halipo tena. Akanyamaza. Huyo hakuhitaji mafunzo, kwakweli.

Sasa malalamiko yangu makubwa. Huyu mkufunzi siku tatu hakugusa hata mara moja kitu ambacho kila mtu pale ukumbini anakijua kuliko yeye: kamati ya harusi. Hebu fikiria. Kuna orodha ya watu, kuna kikao cha kuamua nani apewe kadi ya kiasi gani, kuna mtu maalumu wa kumfuata mjomba mwenye uwezo mana hafuatwi na mtoto, kuna ahadi, kuna mweka hazina anayekumbusha mpaka unaona aibu, na kuna shukrani baada ya sherehe. Hiyo si ndo meja dona, kuomba wafadhili wakubwa, yenyewe? Angeanzia hapo tungemaliza siku ya kwanza saa nne asubuhi. Badala yake tukafundishwa kuandaa hafla ya chakula cha jioni na meza za wadhamini, Tukuyu, kwenye mvua ile, nani anatoka usiku?

Na sheria. Niliuliza kuhusu kanuni za NGO za 2018, zile za kutangaza fedha na kupeleka mikataba kwa msajili ukipokea zaidi ya milioni 20, mana kama unatufundisha kuomba hela kubwa basi utufundishe na kuipokea. Nikaambiwa tutaongea wakati wa chai. Chai ikaja na maandazi mawili na yeye yuko kwenye simu.

Chakula cha mchana kizuri, wali na maharage ya nazi na siku moja ndizi na nyama, hoteli sina shida nayo. Projekta ilizimika mara mbili, umeme, hiyo simlaumu mtu.

Kilichoniudhi mpaka leo ni ule "ushauri wa bure miezi mitatu baada ya mafunzo" ulioandikwa kwenye tangazo kwa rangi nyekundu. Nimetuma jedwali letu wasapu, tiki mbili za bluu. Nikatuma tena, tiki mbili za bluu. Wiki ya tano hii.

Ila matokeo yapo. Majuzi tulienda kwa mfanyabiashara mmoja wa Mwanjelwa, mimi na mzee, na yule bwana shamba lake la parachichi linanyweshwa na mto unaotoka msituni kwetu, kwahiyo hatukuanza na kipunji tukaanza na maji. Mzee akataja milioni nne. Akashika kikombe. Mimi moyo unanidunda namwangalia asije akasema "au hata mbili". Bwana akaangalia dirishani weee, akauliza mkitengeneza hizo barabara za kuzuia moto mnatengeneza mwezi wa ngapi, tukamjibu, akasema atatoa mbili sasa hivi na mbili akishavuna. Mbili zimeingia. Usiku uleule mzee alimpigia kumshukuru, kwa simu sio kwa imeili, na wiki ilofuata tukamtumia picha ya vijana na mapanga yao kwenye njia ya moto.

Kwahiyo nyota tatu na nusu. Kama una hela na hujawahi kumtajia mtu kiasi mdomoni nenda, ila ukiweza lipia siku ya pili peke yake, waulize kama wanakubali. Na angalia cheti kabla hujaondoka, changu kina jina la mtu wa Njombe.