Uzamili wa sheria ya bahari: nenda na bikari na penseli

Nilijiunga na shahada hii ya uzamili ya sera za baharini na sheria ya bahari nikiwa si mwanasheria. Nilikuwa nimefanya kazi miaka kadhaa kwa wakala wa meli, kazi ya makaratasi: orodha za mizigo, vyeti vya chombo, majina ya mabaharia. Nilijua nakwenda kukariri. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 una vifungu 320, nikaanza kuuhifadhi mapema kama mtoto wa madrasa na juzuu yake. Wiki ya pili mhadhiri akagawa ramani za bahari, bikari na penseli, akasema leo hakuna kusoma.

Hapo ndipo nilipoanza kuona ada yangu imekwenda wapi.

Zoezi lilionekana la kitoto. Unafuata mstari wa maji kupwa, unapima maili 12 za bahari ya taifa, kisha 24 za ukanda unaopakana nayo, kisha 200 za ukanda wa kiuchumi, ambamo samaki ni haki ya nchi yenye pwani. Maili moja ya baharini ni mita 1,852, kwa hiyo penseli butu inaweza kugawa samaki wa watu. Kisha akatuwekea kisiwa kimoja, peke yake katikati ya maji. Kikiwa kisiwa kamili, duara lake la maili 200 linazidi kilomita za mraba 430,000. Kikihesabiwa kuwa mwamba usioweza kubeba makazi ya watu wala uchumi wake wenyewe, kinabaki na maili 12, yaani kama kilomita za mraba 1,550. Na likiwa fungu, lile linalojitokeza maji yakipwa na kuzama yakijaa, halina bahari yake kabisa, ingawa likiwa ndani ya maili 12 kutoka nchi kavu nchi husika inaweza kuanzia hapo kupima. Wenzangu walihangaika na istilahi hiyo ya mwisho wiki nzima. Anayejua Kiswahili cha pwani amezaliwa nayo.

Kesi ya Ufilipino dhidi ya China juu ya Bahari ya Kusini mwa China nilikuwa nikiiona kama ugomvi wa kusukumana tu. Baada ya bikari niliielewa: mwaka 2016 jopo la waamuzi lilisema hata Itu Aba, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya asili katika visiwa vya Spratly vya bahari hiyo, ni mwamba kisheria, maana waliowekwa pale wanaishi kwa kuletewa mahitaji kutoka nje. China iliikataa hukumu hiyo, na darasa likabishana siku mbili juu ya thamani ya hukumu isiyo na askari wa kuitekeleza.

Ile ya Somalia dhidi ya Kenya juu ya mpaka wao wa baharini, iliyoamuliwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya The Hague Oktoba 2021, tuliichora sisi wenyewe kabla ya kuruhusiwa kusoma hukumu. Kenya ilitaka mpaka ufuate latitudo. Somalia ilitaka mstari wa katikati, ulio umbali sawa kutoka pwani zote mbili. Mahakama ilianza na mstari wa katikati, kisha ikausogeza kidogo kuipa Kenya nafuu kwa kuwa pwani ya eneo lile imebonyea ndani. Mchoro wangu ulikosea upande wa kuusogeza. Sijaona aibu yenye faida kama ile.

Kuna pia muhula wa sakafu ya bahari, na huo uliwaumiza wanasheria kuliko mimi. Nchi ikitaka kudai sakafu nje ya maili 200 lazima ioneshe mteremko wa bara unaishia wapi, na pengine unene wa mashapo. Tume inayopokea madai hayo ina wajumbe 21, nao ni wataalamu wa jiolojia, jiofizikia au upimaji wa bahari. Wakili hakutajwa.

Shauri la kuigiza ndilo nililolifurahia zaidi. Tuligeuza darasa kuwa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, ile ya Hamburg, na kudai meli iliyokamatwa iachiwe haraka kwa dhamana, kwa mfano wa Saiga, kesi ya kwanza ya mahakama hiyo, mwaka 1997: meli iliyokuwa ikiuzia vyombo vya uvuvi mafuta ikakamatwa na Guinea. Miaka yangu ya makaratasi ilinisaidia hapo, kwani mwenye kujua cheti kipi kimeisha muda ndiye mwenye hoja.

Upande wa sera ni mwembamba, niseme kweli. Bendera za kukodi, yaani meli kusajiliwa katika nchi isiyo ya mwenye meli, jambo ambalo kila wakala wa meli hukutana nalo, zilipewa kipindi kimoja cha slaidi. Mkataba wa viumbe wa bahari kuu uliopitishwa Juni 2023 haukuwamo kwenye orodha ya usomaji, tuliuleta wanafunzi. Na katika tasnifu msimamizi wangu alibadilishwa katikati bila mimi kuarifiwa. Wa pili alinijibu baada ya wiki saba, na jibu lake lilikuwa kuniomba nibadilishe mada. Sikubadilisha. Nilimaliza kwa msaada wa mwenzangu mmoja, mpimaji wa bahari, aliyesoma rasimu zangu usiku.

Msinunue vitabu vya kesi: hukumu za The Hague na za Hamburg zinapatikana bure mtandaoni. Na anayetaka uwakili asije huku, maana shahada hii haikuingizi mahakamani. Muhula wa kwanza ningeulipia tena hata leo. Kwa tasnifu, ningedai jina la msimamizi kwa maandishi kabla ya kutoa senti.