Sivi jointi ya Noah inalia: ununue nini?

Ukikata usukani mpaka mwisho huku unakanyaga mafuta na gurudumu la mbele linalia ka-ka-ka-ka, iliyokwisha ni sivi jointi ya nje, yaani kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu, upande wa gurudumu. Gari ikitetemeka unapoongeza mwendo kwenye barabara iliyonyooka, shuku ile ya ndani, upande wa giaboksi. Hakikisha kabla ya kutoa hela. Ukiwa Kigoma, spea ikikosekana madukani Mwanga, palepale mjini, inaagizwa Dar, na ikija isiyo yenyewe unalipa usafiri mara mbili.

Tena lijue gari lako. Noah ya AZR60, iliyoanza kutoka 2001, inavuta kwa mbele. SR40 ya zamani na Hiace za kawaida zinasukumwa na propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma. Hizo zikigonga, tafuta krosi, kiungo cha propela, usikubali kuuziwa sivi jointi.

Chaguo la kwanza ni mpira mpya unaofunika jointi na grisi nyeusi ya molibdenamu, ikiwa mpira umepasuka lakini mlio haujaanza. Wenye magari wengi wanalipuuza hili, na inaniuma, kwa sababu ndilo la bei ndogo kuliko yote. Pinda gurudumu, inama, papasa katikati ya mikunjo ya mpira. Ukikuta grisi imerukia upande wa ndani wa rimu, umeshachanika. Vumbi likiingia humo linasaga gololi na njia zake kama msasa, na mlio ukishaanza, grisi mpya haiponyi kitu.

Ikishalia, mimi naweka namba mbili shafti nzima ya mtumba kutoka Japani. Unapata jointi zote mbili, na chuma chake ni cha kiwandani. Lakini ikague hapohapo dukani: ishike imara, zungusha jointi kushoto na kulia, ikicheza hata kidogo, iache. Ipinde mpaka mwisho uizungushe taratibu, usikie kama inakwamakwama. Omba mpira ufunguliwe. Grisi yenye chembe zinazometameta ni chuma kinachokwisha.

Namba tatu ni jointi mpya ya nje, mfano ya kampuni ya NTN au GKN. Ikiwa halisi inaushinda mtumba. Shida ni kwamba boksi lenye jina halithibitishi kilichomo, kwa hiyo nunua kwa muuzaji atakayekubali kuipokea ukiirudisha. Mpya isiyo na jina, ya bei ya kutupa, iwe ya kukufikisha nyumbani tu.

Kujazia kwa kuchomelea sikushauri kabisa. Moto unaharibu ugumu wa chuma, na shafti ikikatika njiani kuelekea Kasulu gari inabaki palepale.

Nenda dukani na ya zamani mkononi. Hesabuni meno ya ndani na ya nje, linganisheni unene wa shingo, na kama gari ina ABS (breki zinazozuia gurudumu kujifunga) tazameni ile ringi yenye meno. Shafti ikichomolewa, nunua pia sili ya giaboksi na pini mpya ya nati, kisha mwambie fundi arudishie hydroliki ya giaboksi iliyomwagika kwa aina ileile. Giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) haichanganyiwi ATF, hydroliki ya otomatiki za kawaida.