Rangi za kupakia fanicha kuukuu: ipi haitanata?

Dada mmoja wa Tanga kanitumia picha ya kabati la vyombo alilorithi kwa bibi yake. Kalipaka kijani cha bahari, kalichakaza pembeni kwa msasa, na kwa kweli limependeza. Tatizo liko ndani: kila sahani aliyoinua imeondoka na duara la rangi, mbao zikabaki wazi. Malalamiko ya namna hii ndiyo ninayopokea kuliko mengine yote. Mtoto wa meza hafunguki, trei imekamata kitambaa, stuli imeng'ang'ania sketi ya mgeni. Na kila mmoja anaapa kwamba rangi ilikuwa imekauka kabisa.

Ilikuwa imekauka, sibishi. Ila haikuwa imekomaa, na rangi nyingine hazikomai kamwe. Kukauka ni maji au tina (kile kimiminika cha kuzimulia rangi) kutoka, na unaweza kugusa baada ya saa moja au chache. Kukomaa ni ngozi yote ya rangi kuwa ngumu mpaka chini, na hapo tunazungumzia wiki tatu hadi nne, zaidi kidogo kwa unyevunyevu wa pwani. Dukani hakuna anayeuliza hili. Watu wanauliza inang'aa kiasi gani na lita moja inafunika eneo gani, mambo ambayo yameandikwa kwenye kopo. Kwa hiyo hapa nimezipanga kwa kigezo kimoja tu: kunata.

Ukitaka kujua kabla ya kuharibu kabati, paka vipande viwili vya mbao, viache wiki moja, kisha vikutanishe uso kwa uso. Weka juu yake mfuko wa unga wa kilo tano, ulale. Asubuhi vitenganishe. Vikiachana kimya, endelea na kazi. Ukisikia mlio kama wa plasta inabanduliwa kidondani, hiyo rangi ni ya ukutani, irudishe ukutani.

Namba moja kwangu ni rangi ya mafuta, na kwenye rangi ya mafuta mimi ni mtu wa Crown. Nawapendelea waziwazi na hawanilipi hata shilingi. Napenda inavyojitandaza: michirizi ya brashi inajifuta yenyewe ukiiacha itulie, wala huhitaji mkono wa fundi. Rangi ya mafuta hukomaa kwa kula hewa ya oksijeni, ndiyo maana koti, yaani tabaka la rangi, lazima liwe jembamba. Ukipaka nene ili umalize haraka, juu inafunga ngozi na chini inabaki laini, kisha utailaumu rangi. Makoti mawili au matatu membamba, siku nzima katikati, msasa mwepesi kila mara, na rafu usizirudishie vyombo mpaka mwezi uishe. Kasoro yake ni nyeupe: ndani ya kabati lililofungwa, gizani, nyeupe ya mafuta hugeuka manjano. Ndani paka krimu tangu mwanzo, uishi kwa amani.

Sasa, hapa kwenye rangi ya mafuta ndipo wauzaji wanapotumaliza. Unanunua kopo zuri lililofungwa, halafu tina unapimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Tina ya kupima mara nyingi imeongezwa mafuta ya taa, na mafuta ya taa hayaruki upesi hewani, yanabaki kwenye rangi yakiilainisha siku baada ya siku. Nimeona meza iliyopakwa rangi nzuri kabisa ikanata mpaka mwenyewe akaikwangua yote. Ukimrudia muuzaji anakwambia fundi wako hajui kazi. Jaribu hivi: dondoshea tina kwenye karatasi nyeupe. Tina safi inaruka yote. Iliyochakachuliwa inaacha doa la mafuta lisilotoka. Fanya jaribio hilo pale pale kaunta, mbele yake, hata akinuna. Au nunua iliyofungwa kiwandani na uone bei yake ilivyo kichekesho ukilinganisha na rangi yenyewe.

Namba mbili ni rangi ya chaki, ile ya mwonekano wa vumbivumbi isiyong'aa. Jina la Chalk Paint ni la Annie Sloan, Mwingereza aliyeitoa mwaka 1990, na kopo lake likishafika huku bei yake inanunua meza nyingine. Tengeneza yako: rangi ya maji isiyong'aa sehemu tatu, plasta ya Parisi (ule unga mweupe wa jasi) sehemu moja. Plasta ichekeche kwa kichungio cha chai, ikoroge na maji kidogo mpaka iwe uji laini usio na madonge, ndipo uimimine kwenye rangi. Changanya ya kazi ya muda huo tu, ikikaa inaganda. Huo unga ndio unaoiokoa. Rangi ya maji tupu ina utomvu mwingi usoni, na utomvu ndio unaonata. Ukiongeza unga, uso unakuwa mkavu na wenye kukwaruza kidogo.

Hii ndiyo rangi ya madoido. Kwa kuchakaza, paka koti la kwanza rangi moja, likikauka sugua mshumaa kwenye kona na kingo, pale ambapo mikono ingechubua kwa miaka, kisha paka koti la pili rangi nyingine. Pitisha msasa mwembamba: penye nta panatoka, pengine panabaki. Usichakaze katikati ya mlango wa kabati, hakuna mkono unaosugua hapo na macho yanajua. Stenseli, kile kiolezo kilichokatwa maua, nayo inakubali vizuri, mradi brashi uigonge kwenye gazeti mpaka iwe karibu kavu.

Wazungu huifunga rangi ya chaki kwa nta. Kwa joto la Dar es Salaam la mwezi wa pili, nta inalegea, inakusanya vumbi, na kikombe cha chai ya moto kinaacha alama. Tumia vanishi ya maji, makoti mawili. Ya mafuta itakugeuzia rangi kuwa manjano.

Namba tatu: kupulizia, kazi ya mafundi wa fanicha wa Keko, Dar es Salaam. Rangi ya NC (nitroselulosi) hukauka kwa tina kuruka tu, ndani ya dakika, na kwa kunata haina kesi. Ningeiweka namba moja kama ingekuwa kazi ya nyumbani, lakini inataka kompresa, barakoa ya maana na sehemu yenye hewa. Wakati wa masika usikubali wapulizie mvua ikinyesha, unyevu unaingia kwenye rangi na uso unapata ukungu mweupe.

Rangi ya maji ya ukutani ikiwa peke yake, hapana, ya bei rahisi hata ya bei mbaya. Imetengenezwa iwe laini, ukutani hakuna anayeegesha sahani. Ina kazi moja tu kwenye fanicha: nyufa za urembo. Paka gundi nyeupe ya mbao juu ya koti lililokauka, ikiwa bado inanata pitisha rangi ya maji kwa mkupuo mmoja bila kurudia, nayo itapasuka yenyewe. Kisha vanishi. Makopo ya kupulizia ni ya vishikio na fremu za picha, si zaidi.

Mbao zenyewe nazo zina haki. Kama chini ya vanishi iliyokufa kuna mninga au mvule, tafadhali usipake chochote, kwangua na upake vanishi mpya. Madoido haya yawekwe kwenye misonobari, playwudi na MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa). Na rangi ya zamani usiikwangue kavu watoto wakiwepo, huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Lowesha msasa kwa maji.

Limebaki moja linaloniuma. Stuli moja haimalizi hata robo lita, lakini ukitaka rangi yako ichanganywe kwa mashine unaambiwa kuanzia lita nne. Ndogo zipo nyeupe, nyeusi na ile kahawia ya milango ya shule. Kwa hiyo wanawake wa mtaani kwangu tunachangiana: tunanunua kopo moja la lita nne, tunagawana kwenye makopo ya maziwa ya unga yaliyofungwa vizuri, na sasa nyumba nne zina viti vya rangi moja kama ukumbi wa harusi. Muuzaji bado anatuuliza tunajenga nini.