Sanamu ya Vince Lombardi ya mezani: kichwa kinaitikia mno

Nimeinunua kwenye intaneti, jina la duka nalihifadhi. Ni sanamu ya Vince Lombardi, kocha wa futiboli ya Kimarekani aliyeinoa timu ya Packers ya mji wa Green Bay, kimo chake shubiri moja, kichwa kimekaa juu ya springi, ukikigusa kinanesanesa. Naipa nyota tatu kati ya tano.

Koti refu la manyoya ya ngamia wamelipatia. Kofia nayo imekaa sawasawa, na mkononi ana karatasi iliyoviringishwa, vilevile anavyoonekana kwenye picha za pembeni ya uwanja, Green Bay. Lakini mwanya uko wapi? Lombardi alikuwa na mwanya wa meno ya juu, akicheka unauona toka mbali. Huyu wangu meno yamebanana kama ukuta. Si yeye, labda mjomba wake.

Kwenye kitako wameandika Super Bowl I na II, yaani fainali kuu ya kwanza na ya pili ya mchezo huo, basi. Asiyejua atadhani alishinda mara mbili tu, kumbe aliichukulia Packers ubingwa wa ligi mara 5 ndani ya miaka 7: 1961, 1962, 1965, 1966 na 1967. Huko mwanzo hiyo Super Bowl yenyewe haikuwepo. Na timu aliipokea mwaka 1959 ikiwa imetoka kushinda mechi moja msimu mzima! Miaka iliyosahaulika nimeiongeza mwenyewe kwa wino mweupe.

Halafu hili la kichwa. Lombardi hakuwa mtu wa ndiyo-ndiyo. Kuitikia kwake ninakokukumbuka ni kwa tarehe 31 Desemba 1967: baridi nyuzi 25 chini ya sifuri, wapinzani, Dallas Cowboys, wako mbele 17–14, zimebaki sekunde 16. Packers wangepiga mpira kwa mguu golini, pointi tatu, wangepata sare. Bart Starr, mchezeshaji wa Packers, akaja pembeni, akasema atauingiza mwenyewe. Kocha akamkubalia. Ikaisha 21–17.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na hasa ndiyo maana nikamtaka. Kabla ya yote hayo alikuwa akifundisha fizikia, kemia na Kilatini katika sekondari ya St. Cecilia, Englewood, New Jersey, na ualimu haukumtoka. John Madden, ambaye baadaye naye akawa kocha mkubwa, alisimulia kwamba aliwahi kumsikiliza Lombardi akichambua mbinu moja ya uchezaji, ile ya kukimbia na mpira kuzunguka pembeni, kwa saa nane. Mbinu moja! Mimi dakika arobaini darasa limeshalala.

Alifariki Septemba 1970 kwa saratani, akiwa na miaka 57, na kombe la Super Bowl likapewa jina lake.

Kwa hiyo sanamu nimeipeleka kazini. Tukifika mada ya mitetemo naigonga kichwa kwa kidole, wanafunzi wanahesabu. Jana alitikisa mara 23 kabla ya kutulia. Springi haina kasoro.